Begi Langu Halikufunguliwa

Haya niliyasema Moshi, jioni ya kuamkia fainali ya vijana, mbele ya wachezaji, makocha na wazazi wao. Nimeyaandika kama yalivyotoka. Nilichoondoa ni kukohoa tu.

Mgeni rasmi, walimu, makocha, wazazi, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa sababu viti wamekalia wazee: itifaki imezingatiwa. Kama kuna niliyemruka anisamehe. Kipa mwenyewe amezoea kurukwa, anakumbukwa siku akifungwa.

Mwalimu aliyenipigia simu alisema, "Mzee, utuzungumzie moyo wa timu, dakika ishirini zinatosha." Nikamjibu kwamba moyo wa timu siujui. Nimedaka zaidi ya miaka kumi, hapa Moshi na Arusha, na karibu kila kiongozi niliyemsikia akitaja moyo wa timu alikuwa na posho zetu mfukoni, au alitaka mtu mwenye enka iliyovimba aingie uwanjani. Ninachokijua mimi ni chumba. Kile cha kubadilishia nguo. Nitawaeleza habari za chumba, moyo mtautafuta wenyewe.

Chumba chetu hapa Moshi kilikuwa na benchi la saruji, bomba moja lililokohoa hewa kila ukilifungua, dirisha lisilo na kioo, na misumari kumi na miwili ukutani. Mmoja ulikuwa wa soksi, nitawaeleza. Wachezaji wa siku ya mechi tulikuwa kumi na sita. Hesabu mnaijua. Kabla kocha hajataja kikosi, msumari ulikwisha kukwambia: ukiona mwenzako ametundika shati lake juu ya lako na hakuomba radhi, ujue leo wewe ni wa benchi. Miaka miwili ya mwanzo shati langu lilikaa chini ya la kipa namba moja. Likitoka pale linanuka dawa yake ya kuchua, ile yenye kafuri, na mama yangu nyumbani alijua kwa kunusa tu kwamba sikucheza.

Golini niliingia kwa kukosa nafasi kwingine. Mwaka 1979 nilikuwa shule ya msingi. Tulijazana kwa jirani mwenye redio, Taifa Stars wako Ndola wanacheza na Zambia. Peter Tino akasawazisha, ikawa 1-1, tukafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Lagos. Kesho yake shuleni kila mtoto alikuwa Tino. Mimi nilikuwa mrefu, sina mbio, nikaambiwa wewe utakuwa Pondamali. Juma Pondamali, tuliyemwita Mensah, jina la kipa mkubwa wa Ghana. Nikaona si haba. Lagos tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast, halafu tukakaa miaka 39 mpaka tukarudi kwenye mashindano yale, 2019. Ninyi mnaona kwenda Afcon ni jambo la kawaida. Sisi tumezeeka tukingoja.

Timu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya shirika la umma. Msicheke, enzi hizo ndivyo mpira ulivyoendeshwa: kulikuwa na Reli ya Morogoro, RTC Kagera, Ushirika hapahapa Moshi. Unasajiliwa kwa kupewa kazi. Mimi nilikuwa karani wa ghala, nahesabu magunia asubuhi, jioni nadaka. Winga wetu alikuwa dereva, namba nne fundi umeme, na kapteni, namba tano, alikuwa msimamizi wangu palepale ghalani. Akinigombeza uwanjani Jumamosi, Jumatatu ananigombeza tena kwa sababu ya magunia. Ilikuwa adha. Lakini ilikuwa na faida moja ambayo sikuiona mpaka mashirika yalipokufa miaka ya 1990 na timu zao zikafa nazo: mtu uliyemkosea kwenye mechi utakutana naye kwenye foleni ya chai, utake usitake. Huwezi kuwekeana kinyongo siku tano na mtu anayekupitishia sukari.

Yule kipa namba moja, wa shati la juu, hakunipenda, na sikutegemea anipende. Goli ni moja. Straika wawili wanaweza kucheza pamoja, makipa wawili hapana, mmoja akila mwingine anatazama. Lakini alinifundisha kitu kimoja. Kabla ya mechi alikuwa anatembea golini ameinama, taratibu, kama mwanamke anayechagua mchele, anaokota mawe. Punje kwa punje. Anayatia kwenye soksi ya mkono wa kushoto, anakwenda kuyamwaga nyuma ya wavu. Siku moja akaniita: "Dogo, nenda goli la pili, okota na kule. Kipindi cha pili nitakuwa kule." Nikaokota. Wiki iliyofuata sikungoja kuitwa. Mpaka leo nikipita kwenye uwanja wowote mke wangu ananivuta mkono, maana ninainama.

Mtu mkubwa wa timu hakuwa kocha. Alikuwa mzee wa jezi. Tulimwita Babu sote, hata wale ambao kwa umri wangemwita kaka. Seti ya jezi ilikuwa moja. Alikuwa anaifua mto Rau kwa sabuni ya kipande, miaka ambayo sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, kisha anaianika kwenye ua wa nyumba yake Pasua, na watoto wa mtaa walijua kama wiki hiyo kuna mechi kwa kuangalia ua wa Babu. Siku ya mechi alizipanga benchini kwa namba, ya kwangu mwisho, eti kipa ndiye anayefunga mlango.

Babu hakuwa mtu wa nasaha. Alikuwa na macho. Akikuona umeingia hujasalimia, anakuja kukufunga kamba za viatu. Mzee wa miaka sitini amepiga magoti mbele yako, daluga zako za matope ziko mapajani mwake, na huku anakaza kamba anakuuliza polepole: "Nyumbani wazima?" Hapo hakuna anayestahimili. Siku moja winga wetu aliulizwa hivyo, akabaki anaangalia dari. Mtoto wake alikuwa amelazwa Mawenzi tangu jana yake, na hakumwambia mtu kwa kuogopa kupoteza namba. Babu akamaliza kufunga kamba, akanyanyuka, akamnong'oneza kocha, kisha akarudi akazifungua zile kamba alizozifunga. Winga akaenda hospitali. Tulifungwa 2-0 na hakuna aliyelalamika. Nasema uongo, wawili walilalamika, na kapteni akawaambia wakalalamikie wodini.

Sasa soksi. Ilikuwa soksi isiyo na mwenzake, imetundikwa kwenye msumari wa karibu na mlango. Posho ikitoka, siku ikitoka, unapitisha mkono unatumbukiza chochote. Hakuna daftari wala mweka hazina. Mama wa beki wetu wa kushoto alipofariki, soksi ndiyo iliyokodi gari la kutupeleka Same kuzika. Msinione nawapambia, kwani soksi hiyohiyo iliwahi kuibwa. Ilitoweka Jumatano, na tulijua nani kaichukua, kwa sababu Alhamisi alikuja mazoezini amevaa viatu vipya na hakuweza kuangalia mlango. Kapteni akakataza asitajwe. Jumamosi soksi ikawa imerudi msumarini, imepungua sana, na ndani kuna kikaratasi: "Nitamalizia." Alimalizia. Ilimchukua msimu mzima, na hakukosa mazoezi hata siku moja. Mpaka leo jina lake silisemi, ingawa wazee wawili waliokaa kule nyuma naona wanatabasamu.

Dua tulipokezana: mechi hii anaomba Mkristo, ijayo anaomba Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani mechi inaanza saa kumi jioni, karibu nusu ya timu wamefunga. Kapteni wetu, Mkatoliki wa Kibosho, alibeba tende kwenye kitambaa, na adhana ya magharibi ikisikika tukiwa bado chumbani yeye ndiye wa kwanza kuzigawa, hata kabla ya kumlaumu mtu. Na kwa kulaumu alikuwa hodari.

Haya, la ndumba. Najua mlikuwa mnalisubiri, wazazi mnisamehe. Tulikuwa na kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe mnaujua. Kuna mechi hatukuingia chumbani kabisa, tulivalia ndani ya basi tumeinama, kwa sababu mtaalamu alisema mlangoni pamemwagwa kitu. Kuna siku tulipitia dirishani, mmoja mmoja, watu wazima wenye wake na watoto, na namba nne wetu, mtu wa mwili, akanasa katikati. Wengine tukamsukuma kutoka nje, wengine wakamvuta kutoka ndani, akaanza mechi ana mchubuko kiunoni kama amecharazwa. Wala msidhani ni mambo ya kale, maana ligi kuu ya siku hizi timu zinatozwa faini kwa kukwepa milango na vyumba. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa yai nikalizike golini. Nililificha ndani ya glovu, likapasuka wakati naokota mawe. Nilicheza dakika tisini nanuka yai, hatukufungwa, na kamati ikajisifu.

Yai sina ugomvi nalo. Ubaya ni kwamba la yai waliambiwa watatu, na kumi na watatu hawakuambiwa. Chumba kikishagawanyika hivyo, kuna wanaojua na wasiojua, kila mnong'ono mtu anauona ni wake. Tukija kufungwa, beki wa kulia anaulizwa kwa nini alikwenda kukojoa nyuma ya goli. Mtu alibanwa tu!

Kidogo kwa makipa. Mpaka 1992 beki akibanwa alikurudishia mpira kwa mguu, unaudaka kwa mikono, unapumua, unampa tena, naye anakurudishia tena. Mimi na mkoba wetu, yaani beki wa mwisho, tuliweza kuchoma dakika tano hivyo, mashabiki wanatutukana mpaka mama zetu. Mwaka ule sheria ikabadilishwa, beki akikupasia kwa mguu makusudi usishike. Tukaelezwa, tukaitikia. Mechi yetu ya kwanza chini ya sheria hiyo, mkoba akanirudishia, mikono ikafanya ilichozoea. Filimbi. Timu nzima tukajipanga kwenye mstari wa goli kama jezi za Babu kwenye kamba, wakatufunga vilevile. Niliporudi chumbani nilijiandaa kwa matusi. Mkoba akakaa pembeni yangu, akanishika bega, akasema kwa huzuni ya kweli, "Basi ndugu yangu, wametuandikia talaka." Chumba kizima kikaangua kicheko, kocha alipoingia na hasira zake akakuta hapana pa kuziweka.

Na siku hizi wamezidi kubana. Tangu 2025 kipa akishikilia mpira zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona. Enzi zetu sekunde nane nilikuwa sijamaliza kuinuka.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja.

Tulikuwa Arusha, Sheikh Amri Abeid. Uwanja ule umepewa jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi, yule aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi, na ni uwanja pekee ninaoujua wenye jina la mshairi. Siku ile sikuona ushairi wowote. Msimu umebakiza mechi mbili, ile na ya Jumamosi iliyofuata. Tulikuwa tunapigania kutoshuka daraja, na pointi moja ingetusogeza sana. Dakika ya 87, 0-0. Kiungo wao akapiga shuti toka mbali, shuti la mtu aliyekata tamaa, mpira unadunda kuja kwangu kama mtoto anayetumwa dukani. Ulidunda mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Mawazoni nilikwisha kuudaka. Nilikwisha kuamua nitamrushia nani. Nikapiga goti, nikafungua mikono kuungojea kifuani. Mara ya nne haukudunda. Uligonga kitu, ukateleza chini, ukapita chini ya mikono yangu, hapa, kati ya goti na kisigino. Nikageuka nikauona unavuka mstari taratibu. Nafikiri ungeweza kuaga.

Muelewe jambo moja kuhusu nchi yetu na makipa. Straika akikosa goli la wazi anaambiwa hana bahati. Kipa akifungwa goli jepesi anaambiwa ameuza. Hakuna la katikati. Nilipokuwa natembea kwenda vyumbani tayari nilisikia jukwaani wanataja kiasi nilicholipwa, na kilikuwa kinapanda kila hatua.

Tukaingia. Hakuna aliyekaa. Mashabiki wetu waliosafiri kutoka Moshi wanagonga mlango kwa ngumi. Kisha ukafunguliwa, akaingia mmoja wa viongozi wetu, simtaji, ametangulia mbele ya haki. Akasimama, akasema, "Humu ndani kuna mtu amekula." Kwenye mpira wetu neno hilo halihitaji kuambiwa amekula nini. Wala hakuniangalia mimi. Aliangalia begi langu. Lilikuwa begi la turubai la kijani, zipu ilikufa zamani, nimelifunga kwa kamba ya kiatu.

Kapteni alikuwa bado na jezi. Akavuta begi lake kutoka chini ya benchi, akaligeuza, akalimwaga sakafuni, kwenye maji machafu. Kikaanguka kitana, kaptula, kipande cha sabuni, rozari, na kile kitambaa cha tende, kitupu. Hakusema kitu. Akamwangalia namba nne. Namba nne akalimwaga la kwake, zikatoka hirizi mbili ambazo siku zote alituapia hana. Beki wa kulia akamwaga, ndizi mbivu zilizopondeka. Winga akamwaga, ikaanguka barua, akaiwahi kuikanyaga, lakini mwandiko tuliuona na haukuwa wa mkewe. Kipa wa akiba alikuwa anatetemeka na malaria tangu asubuhi, alimwaga kwa mkono mmoja, mwingine ameshikilia ukuta: vidonge vya klorokwini kwenye karatasi, na jezi ya timu namba kumi na nne ambayo Babu alikuwa anaitafuta miezi miwili. Babu akainama, akaiokota, akaikung'uta, akaikunja. Hata kumwangalia mwizi hakumwangalia.

Mabegi kumi na tano. Nikabaki mimi. Nikainama nifungue ile kamba ya kiatu, vidole havishiki. Nikaona mguu. Kapteni ameweka mguu wake juu ya begi langu, daluga na matope yake yote.

"La kwako halifunguliwi."

Kisha akamgeukia yule kiongozi. "Mzee, umeona pesa?"

Mzee akatoka. Babu akafunga mlango.

Nimeufikiria mguu ule miaka zaidi ya thelathini. Kama angeniacha nifungue, wangekuta hamna kitu, na mimi ningekuwa mtu aliyepekuliwa akakutwa hana. Mtu wa namna hiyo anapekuliwa tena wiki ijayo. Siku ile waliopekuliwa walikuwa wao, wote kumi na tano, na aibu zao zote zikiwa pale majini, hirizi na barua na jezi ya wizi, na mimi ndiye peke yangu niliyetoka mle na siri zangu. Makocha mlioko hapa, mnaweza kuandika vitabu vya nidhamu mpaka wino uishe. Mimi nilioneshwa kwa mguu.

Njiani kurudi basi lilikuwa kimya. Tengeru kimya. Usa River kimya. Maji ya Chai mtu alipiga chafya, akaomba radhi. Tulipokaribia Bomang'ombe, kutoka viti vya nyuma, gizani, sauti ya namba nne ikasema, "Winga, mwandiko wa yule dada ni mzuri, amesoma wapi?" Basi likalipuka. Dereva alipunguza mwendo akidhani kuna ugomvi. Nilicheka na mimi, na nilikuwa nalia pia, gizani huwezi kutofautisha.

Jumamosi tulitoka 0-0 nyumbani, pointi ikatosha. Wengine wanapenda nisimulie kwamba nilidaka kama jini siku hiyo. Nilidaka kawaida. Mipira miwili ya maana, mingine ilikuwa ya mabeki.

Sasa chumba kimehamia kwenye simu. Mjukuu wangu anadaka timu ya mtaani kwao, Ngarenaro, kule Arusha. Alinionyesha grupu ya timu yao. Wamefungwa mchana, saa mbili usiku kiongozi ameandika, "Kuna mtu tunamjua," na chini yake vijana wenzake wameweka vikatuni vya kucheka na vya moto. Kijana wa miaka kumi na sita yuko kitandani na mwanga usoni anasoma hayo peke yake. Nimekaa nikafikiria kapteni wangu angefanya nini hapo, na sijapata. Kwenye simu hakuna pa kuweka mguu. Nilichomwambia mjukuu ni kwamba kesho yake aende mazoezini mapema kuliko wote, asalimie kila anayeingia kwa jina. Alikwenda. Watatu waliitikia, akasema. Nikamwambia watatu wanatosha kuanzia. Na ninyi mabinti mliokaa pale dirishani, mwalimu wenu ameniambia mnavaa huku mnaimba. Msiache. Sisi tulikuwa tunavaa huku tunahesabiana misumari.

Arusha wanajengewa uwanja mpya kwa ajili ya Afcon ya 2027, ambayo tutaiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Watu 30,000 watakaa. Nimefurahi, na nikijaliwa uzima nitakwenda, nitaomba nichungulie vyumbani, nihesabu misumari.

Namalizia. Miaka mitatu iliyopita nilipanda Kibosho kumwona kapteni. Amezeeka, goti la kulia halikunji. Shemeji akatuletea mtori, tukakaa nje kwenye migomba. Nikaona nimuulize, maana tukiendelea kuahirisha mmoja atazikwa na jibu. "Kapteni, siku ile Arusha ulijuaje kwamba sikula?"

Akapuliza mtori. "Nani kakwambia nilijua?"

Nikanyamaza.

"Mimi nilidhani huenda umekula," akasema. "Goli lenyewe lilikuwa la kijinga."

"Sasa ule mguu uliuweka wa nini?"

"Jumamosi tulikuwa na mechi. Kipa wa akiba ana malaria. Ningemweka nani golini, Babu?"

Tulicheka mpaka shemeji akachungulia kutoka jikoni. Kisha akaweka bakuli chini, akafuta mdomo, akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia ghalani magunia yasipotimia. "Kwani ulikula?"

"Haukudunda," nikamwambia. "Mara ya nne haukudunda."

"Hebu nionyeshe ulivyopiga goti."

Nikasimama, nikapiga goti pale kwenye majani ya migomba, mzee wa miaka sitini, nikafungua mikono. Akanizunguka kwa fimbo yake, polepole, akainama kadiri goti lake lilivyomruhusu. Akaichomeka ile fimbo kwenye uwazi uliobaki kati ya goti langu na kisigino cha mguu wa pili. Ikapita yote.

"Ulipita hapa," akasema. "Goti lilikuwa mbali na kisigino. Ungelilaza karibu, hata usingedunda usingepita." Akanipa mkono kuniinua. "Hukula. Uliiba kazi tu."

Alikuwa sahihi kuhusu goti. Makipa, naona mko watano, yule mfupi asijifiche. Baada ya chai msiondoke. Njooni pale nje kwenye majani, niwaonyeshe.